Msimu Tuliokuwa Wepesi

Jumapili, 3 Juni

Leo tumepimwa. Kila msimu unapoanza, Katibu wa klabu huburuta ile mizani kubwa ya mizigo mpaka mlangoni mwa banda la mashua, na kila wawili wanaoshindana pamoja hupanda juu yake bega kwa bega. Wakiwa wepesi kuliko uzito uliowekwa, hupewa vipande vya chuma wavifunge chini ya kiti, ili mtu asije akashinda kwa wembamba wake tu. Mimi na mdogo wangu hatujawahi kupewa chuma. Leo alipokanyaga mizani, mshale uliruka ukagonga ukingo wa pili na watu wakapiga makofi.

"Katibu, kagua springi zako!" akasema mwenyewe, akainamia watazamaji kama mwimbaji aliyemaliza wimbo.

Ndiyo maana wanamwita Gunia. Hata mkewe anamwita Gunia. Nilimbeba mgongoni akiwa mchanga, na hata wakati huo alikuwa mzigo.

Mashua yetu ni ya watu wawili. Mimi nakaa nyuma na usukani na tanga kubwa. Yeye anakaa mbele na tanga dogo, na upepo ukizidi anatoa mwili wote nje, miguu imenaswa kwenye mikanda, ili mashua isilale. Upepo ukiwa mkali hakuna wa kutugusa. Lakini ziwa hili halina adabu. Upepo wake unatokea kwenye mwanya kati ya vilima viwili, unakupiga usoni, unakufa, halafu unarudi kutoka ubavuni kama mtu aliyesahau kitu. Siku nyingi ni hafifu, na siku hizo sisi tunakaa majini kama jiwe huku Sindano akitupita na kutupungia mkono. Sindano ni muuguzi hospitalini. Anashindana na binti yake, na wawili hao hata ukiwakalisha kiti kimoja nafasi inabaki. Kombe liko kabatini kwake misimu mitatu sasa.

Tukirudi nyumbani nilimwambia mdogo wangu bila kuzunguka, "Mwaka huu nalitaka lile kombe. Ukibaki na mwili huo, natafuta mtu mwingine wa kukaa mbele."

"Dada! Utaacha damu yako kwa ajili ya kikombe cha bati?"

"Nitaiacha."

Akacheka. Halafu akanitazama, akaona sicheki, naye akaacha. Kusema kweli sikuwa na mtu mwingine yeyote kichwani. Nilitaka tu ashtuke.

Jumapili, 10 Juni

Upepo hafifu. Tumekuwa wa sita kati ya mashua nane. Sina la kuongeza.

Jumapili, 17 Juni

Wa tano. Gunia ananiambia ameacha sukari, ameacha mkate, ameacha kurudia sahani. Nikamwambia nitaamini nikiona.

Wifi yangu, mkewe, alinivuta pembeni wakati tunakunja matanga. "Wifi, ndugu yako hali chakula. Nampakulia, anachokora kidogo, anasema ameshiba."

"Mwache," nikamwambia. "Mara ya kwanza katika maisha yake anajizuia, wewe unataka kumtia majaribuni."

Wifi ni mtu wa kuwa na wasiwasi. Mvua isiponyesha ana wasiwasi, ikinyesha ana wasiwasi.

Jumatatu, 25 Juni

Jana hatukushindana, upepo ulikufa kabisa na Katibu akaturudisha. Leo Gunia amekuja kwenye kibanda changu cha ushonaji na ile suruali yake ya mashua, nzito, yenye viraka vya makalio nilivyomshonea mwenyewe. Inamshuka. Nilimzungushia futi kiunoni na sikuamini macho yangu, nikamzungushia tena.

"Wewe! Kweli umeamua!"

"Si nilikwambia?" akasema, kifua mbele. Ni fundi bomba, na ananiambia siku hizi anaingia chini ya sinki na kutoka bila kuvutwa miguu. Tulicheka mpaka mteja aliyekuwa anasubiri gauni akacheka naye.

Nikapunguza kiuno. Kitambaa kilichozidi nilikikunja ndani ya mshono sikukikata. Fundi mwenye akili hakati cha ziada, maana wateja wananenepa na kukonda, na siku akirudi unafumua tu.

Jumapili, 1 Julai

Wa pili! Mashua imeamka. Nilikuwa nahisi chini ya miguu, ile pumzi ndogo ya upepo inayotosha kutikisa jani, na sisi tunaondoka. Sindano alikuwa wa kwanza lakini aligeuka kututazama, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

Jumapili, 8 Julai

Tumeshinda. Naandika tena kwa sababu napenda kuliona: tumeshinda.

Upepo ulikuwa wa kigeugeu kupita kiasi. Kwenye boya la kwanza ulikuwa unatoka mwanya wa vilima, kila mtu akakimbilia upande wa kulia. Mimi nikaona maji yakikunjamana kushoto, karibu na matete, alama ndogo tu nyeusi. Mashua nzito haithubutu kwenda kule, maana upepo ukikata kabla hujafika, umekwisha. Nikamuuliza Gunia, "Twende?" Akasema, "Dada, mimi siku hizi ni unyoya. Twende." Tukageuka peke yetu. Upepo ukatufikia pale pale, ukajaa tangani, na tukawapita wote kwa mbali huku wamesimama, matanga yao yakipigapiga.

Ufukweni nilimkumbatia mdogo wangu, na mikono yangu ikakutana mgongoni kwake. Sijawahi kumzunguka hivyo tangu awe mtu mzima. Nilimwambia, "Sasa wewe ndiye mtu wa mbele. Hakuna mwingine."

Uso wake ulivyong'aa! Kwa kweli nampenda huyu mtoto, ingawa ana mvi.

Jumapili, 15 Julai

Wa kwanza tena, kwa upepo uliozunguka kama mbwa anayetafuta pa kulala. Baada ya hapo tukapita kibandani, nikapunguza tena suruali. Nilipogeuka kumwonyesha, alikuwa amelala kwenye kiti cha wateja, mdomo wazi, mikono katikati ya magoti kama mtu mwenye baridi, na jua lilikuwa kali. Nikamwacha alale. Ushindi unachosha.

Jumapili, 22 Julai

Wa pili. Wifi hakuja ufukweni. Wanasema amenuna.

Jumapili, 29 Julai

Wa kwanza. Tunaongoza kwa pointi, na Sindano yuko nyuma yetu.

Gunia analalamika kwamba suruali inamchoma akikaa ukingoni. Aliniwekea kidole pale nyongani. Nikapapasa: ni kitambaa kile cha ziada, mikunjo miwili ya mshono mmoja, kimekuwa kinene na kinamgandamiza kwenye mfupa.

"Nikikate?" nikamuuliza. "Nikikikata hakuna kurudi nyuma."

"Kata. Sirudi tena kule."

Nikakata. Vipande viwili virefu vimeanguka sakafuni, nikavifagia pamoja na nyuzi. Suruali sasa imemkaa kama ya kijana anayekwenda kuposa.

Jumapili, 5 Agosti

Leo nimepandwa na hasira, na bado zinachemka, kwa hiyo naandika yote.

Kabla hatujasukuma mashua majini, Sindano alimwendea Katibu mbele ya watu wote akasema, "Naomba hawa wawili wapimwe upya."

Nikauliza kwa nini.

"Kwa sababu walipimwa Juni wakiwa wazito. Leo wako chini ya uzito uliowekwa na hawana chuma. Kila mtu anaona."

Kumbe ndiyo hivyo. Misimu mitatu alipotupita akitupungia mkono, sikusema neno kuhusu wembamba wake wala wa binti yake. Leo tumempita mara tatu, mizani imekuwa dawa. Hicho ni kijicho tu.

Nikamgeukia Katibu. "Kanuni inasema tunapimwa lini?"

"Mwanzo wa msimu," akasema, akijikuna shingo.

"Inasema mara ngapi?"

"Mara moja."

"Basi tumepimwa. Mtu akijinyima chakula kwa jasho lake, ni haki yake. Au nayo ni kosa?"

Watu wakaniunga mkono. Fundi wa milingoti wa klabu alipiga makofi. Katibu akasema kanuni ni kanuni, mizani ibaki ghalani. Gunia alikuwa amesimama nyuma yangu na jaketi lake la kuelea, kamba zake zimekazwa mpaka mwisho na ncha zinaning'inia hadi magotini. Nilidhani ananiachia nipigane, maana anajua mdomo wangu.

Tulipokuwa tunaingia majini, Sindano alinifuata mpaka maji yakamfika magotini. Akasema kwa sauti ya chini, "Basi usimpeleke kwenye mizani. Mpime wewe. Si una futi?"

"Futi yangu ni ya wateja," nikamjibu. "Na wewe sindano yako ni ya wagonjwa. Kila mtu abaki na kazi yake."

Binti yake alitazama pembeni. Tukashindana, tukawa wa kwanza, na nilipopita boya la mwisho nilimpungia mkono Sindano kwa kidole kimoja kimoja. Ilikuwa tamu.

Jumapili, 12 Agosti

Wa kwanza. Sindano hanisalimii. Sawa tu.

Jumapili, 19 Agosti

Wa tatu, na kosa ni la mbele. Mara mbili nilipogeuza mashua, tanga dogo lilichelewa kuvutwa. Mara ya pili nilimpigia kelele mbele ya mashua nyingine, "Umelala?" Akasema kamba imeteleza. Nikamwambia kamba haitelezi, mikono ndiyo inayoteleza.

Ufukweni aliketi juu ya mashua iliyopinduliwa na hakusaidia kubeba mlingoti. Nikamsindikiza na lawama zangu mpaka nyumbani kwake. Wifi alifungua mlango, akanitazama, hakunikaribisha ndani.

Jumapili, 26 Agosti

Wa pili. Bado tunaongoza. Mbio zimebaki chache na kombe nalinusa.

Jumapili, 2 Septemba

Sijui nianze wapi. Nianze na upepo.

Asubuhi vilima vilikuwa safi na ziwa limetulia, na Katibu akasema tuondoke. Tulipofika boya la mbali, mwanya wa vilima ukafunguka. Upepo ulikuja mzito, mweusi juu ya maji, wa namna ile ambayo zamani tuliisubiri kwa hamu. Huo ulikuwa upepo wa Gunia. Nikapaza sauti, "Toka nje! Toka nje yote!" Akatoka. Alijitupa nje mpaka mgongo ukagusa mawimbi, na mashua iliendelea kulala kama vile hakuna mtu pale. Nikalegeza tanga, haikutosha. Nikapiga kelele, "Uzito wako uko wapi? Uko wapi?" Hayo ndiyo maneno niliyomwambia mdogo wangu.

Mlingoti ukagonga maji. Tukapinduka.

Tumepinduka mara nyingi maishani. Kazi ni moja: mmoja anasimama juu ya ubao unaotokeza chini ya mashua, mashua inanyanyuka, mwingine anapanda. Mimi nikasimama, mashua ikaja juu, nikapanda. Nikageuka kumwona Gunia ameshika ukingo kwa mikono miwili, kidevu majini, hapandi.

"Panda!"

"Siwezi, Dada."

"Jikaze! Wanatupita!"

"Siwezi."

Nikaenda kumshika kwenye kamba za jaketi mabegani, nikavuta kwa nguvu zote, maana nilijua ninachokwenda kuvuta. Nimewahi kujaribu, misimu iliyopita, na tulihitaji watu wawili. Leo alitoka majini kama nguo inayotolewa kwenye beseni. Nilirudi nyuma kwa nguvu zangu mwenyewe, nikaanguka chali na yeye juu yangu, na sikuumia. Alikuwa juu ya kifua changu na sikuumia. Jaketi lilipanda likamfika masikioni, shati likapanda nalo, nikaona mbavu zake, na chini ya mbavu upande mmoja tumbo limetokeza, gumu.

Nilimwinua peke yangu. Gunia. Mimi na mikono yangu ya kushona.

Sindano ndiye aliyetufikia kwanza. Alikuwa anaongoza mbio na aliziacha. Aliruka ndani ya mashua yetu, akamwachia binti yake ile yao, akaweka mkono pale tumboni na kumuuliza Gunia kwa upole, "Tangu lini?" Gunia akasema, "Tangu kabla hujaomba tupimwe upya." Wala hakunitazama.

Jumanne, 4 Septemba

Hospitali ina benchi la mbao lililolainishwa na watu wengi. Nimekaa hapo jana na leo. Daktari ni kijana mwenye sauti ya upole. Alisema kuna uvimbe tumboni, mkubwa, na lazima apasuliwe haraka. Nikamuuliza kama tumechelewa. Akasema, "Mama, tungependa kumwona mapema zaidi." Mapema ni lini? Juni? Julai tulipokuwa tunapiga makofi? Sikuuliza, niliogopa atanijibu.

Gunia alikuwa macho. Nikamuuliza kwa nini hukusema, mdogo wangu, kwa nini. Akatabasamu kwa aibu.

"Mwanzoni nilidhani ni kujinyima, Dada. Nilikuwa najinyima kweli. Mwili ukaanza kupungua, na wewe ukafurahi, nami nikafurahi. Halafu ikawa hata nikitaka kula, chakula hakiingii."

"Ungeniambia hapo."

"Ulisema utatafuta mtu mwingine."

Alisema kawaida tu, kama anayenikumbusha mahali nilipoweka funguo. Nilitoka nje nikalia kwenye ngazi mpaka mlinzi akaniletea maji.

Ijumaa, 7 Septemba

Wifi amesema nami leo kwa mara ya kwanza. Tulikuwa tunabadilisha shuka, yeye upande huu, mimi ule.

"Nilikwambia hali," akasema.

"Ulinambia."

"Mimi sijui kupima, wifi. Mimi najua sahani ikirudi imejaa. Wewe ndiye mwenye futi. Umemshika kiuno mara tatu."

Miaka yote hii nimeshika futi, mtu akiingia tu mlangoni najua bega lake na nyonga yake. Mteja akipungua ghafla huwa namuuliza, "Mama, u mzima?" Nimewauliza watu baki. Mdogo wangu nilimwambia, "Kweli umeamua!" Hasira niliyokuwa nayo kwa Sindano imehamia kwangu na haina pa kwenda.

Jumapili, 9 Septemba

Sikwenda ziwani. Kutoka dirisha la wodi unaliona, na leo upepo ulikuwa hafifu na wa kubadilikabadilika, siku nzuri kwa mashua nyepesi. Gunia aliomba nimgeuze kitanda aone matanga. Alinihadithia mbio nzima: nani kageuka mapema, nani kanasa kwenye utulivu. "Wangekuja kushoto kwenye matete," akasema. Nikasema ndiyo, wangekuja kushoto.

Mchana Sindano aliingia zamu, na sare yake nyeupe. Nilisimama. Nilikuwa nimeandaa maneno tangu Jumapili iliyopita na yote yakanikimbia. Nikasema tu, "Wewe uliona."

"Niliona Julai," akasema. "Nilimuuliza kwenye gati. Akaniomba nisikwambie. Akasema ni mwaka wake wa kwanza kutoitwa mzigo."

"Ungeniambia hivyo hivyo."

"Mwili wa mtu si wangu kuutangaza. Nikafikiri, akipanda mizani mbele ya watu, mshale utasema wenyewe, na wewe utaona. Sikutaka kombe. Nilitaka apande pale juu, basi."

Nami nilisimama pale ufukweni na kanuni mdomoni, nikashinda. Watu walinipigia makofi. Naisikia hadi leo ile sauti ya makofi.

Nilimwomba radhi. Alinishika mkono, akasema ana wagonjwa wanamsubiri.

Alhamisi, 13 Septemba

Wamempasua. Wametoa walichoweza. Kilichobaki, daktari anasema, watapigana nacho kwa dawa. Wifi aliniegemea benchini muda wote.

Jumapili, 16 Septemba

Nilikwenda kwa Katibu asubuhi kabla mashua hazijatoka. Nikamwambia afute matokeo yetu yote tangu Julai.

"Yote? Mama, bado unaongoza hata baada ya kukosa mbio mbili. Kanuni iko upande wako. Ulitwambia mwenyewe."

"Najua nilivyowaambia."

"Gunia anasemaje?"

Nilikuwa nimemuuliza Gunia. Aliniambia, "Ile ya tarehe nane usifute. Ile tuliikimbia vizuri." Kwa hiyo nikamwambia Katibu afute zote isipokuwa ile. Akasema hakuna utaratibu wa kufuta baadhi na kuacha nyingine. Nikamwambia basi autunge, maana sitatoka hapo. Akautunga.

Jumapili, 23 Septemba

Kufunga msimu. Sindano amechukua kombe. Alipoitwa alilipokea kwa mkono mmoja na kukaa haraka, hakutoa hotuba. Upepo ulikuwa mkali mchana kutwa.

Jumapili, 30 Septemba

Gunia yuko nyumbani tangu jana. Wamemtandikia sebuleni karibu na dirisha, na mito mitatu mgongoni. Asubuhi alikunywa uji nusu kikombe, Wifi akakionyesha kikombe kwangu kutoka mlangoni kama mtu anayeonyesha cheti.

Alikuwa na hamu ya kuzungumza. Alitaka kujua nani kafunga mashua, kama nimekausha matanga kabla ya kuyakunja, kama nimepaka mafuta kwenye kapi za kuvutia kamba. Nikamjibu yote. Halafu akasema, "Dada, ile suruali yangu. Ifumue."

"Kwa nini?"

"Msimu ujao nitakuwa nimerudi. Gunia kamili. Nitavaa nini?" Akanitazama kwa jicho la utani, lile lake la zamani. "Au umeshapata mtu mwingine?"

"Sijapata," nikasema. "Sikuwahi kuwa naye. Nilikudanganya, siku ile ya mizani. Hakukuwa na mtu yeyote."

"Hakukuwa na mtu?"

"Hakukuwa."

Alicheka kidogo, akashika mshono wake tumboni kwa sababu kucheka kunamuuma. "Dada wewe," akasema. "Na mimi nikaogopa kweli." Nilitamani anitukane. Hakunitukana. Aliinua mikono yote miwili pembeni, kama wateja wanavyoinua, akasubiri nimzungushie futi. Mikono ilikuwa inamtetemeka kwa kazi hiyo tu. Nikaishusha taratibu nikamwambia hakuna haja, vipimo vyake vya zamani ninavyo kichwani.

Nikaenda kibandani, ingawa ni siku ya mapumziko. Nilifumua mishono yote miwili. Nilikuwa nimesahau, au nilijifanya nimesahau, mpaka nilipoigeuza suruali ndani nje na kukuta ukingo mtupu. Nilikata. Kitambaa kile kiliondoka na takataka za Julai. Nikatafuta cha kufanana nacho kwenye marobota yangu yote na sikupata, kinachofanana kidogo ni chepesi mno, kitapasuka mashua ikigeuka.

Mwishowe nikachukua lile tanga dogo la zamani, alilolivuta yeye miaka mingi kabla hatujanunua jipya. Ni jeupe na suruali ni ya buluu. Nikakata vipande viwili virefu, nikavipachika ubavuni, kimoja kila upande, kutoka kiunoni hadi pajani, mshono mara mbili. Safari hii niliacha kitambaa cha kutosha ndani, mikunjo mikubwa, kwa ajili ya kunenepa zaidi.

Imetundikwa mlangoni sasa, pana, na mistari yake miwili myeupe. Nimeizungushia futi. Kiuno kimerudi kile cha siku ya mizani. Yeye mwenyewe sikumpima.